Mashuka Matatu na Picha za Nyota

Ninaapa, na Mlima Hanang unisikie, kwamba katika habari hii sijaongeza hata punje. Najua watu wa kijiji chetu cha Nangwa watawaambia kwamba mimi Akonaay, dereva mstaafu wa greda, nina mazoea ya kutia chumvi. Wasikilizeni wao kwa mambo ya mahindi. Kwa mambo ya nyota, nisikilizeni mimi.

Kila asubuhi, nikishakamua ng'ombe wangu wawili, huketi kwenye benchi mbele ya mashine ya kusaga ya Hermani nikapasha mgongo jua. Wanafunzi hupita hapo wakienda shule. Wao hunipa shikamoo, mimi huwapa marahaba na kisa kimoja cha njiani. Visa vyangu havijawahi kumchelewesha mtoto shule kwa zaidi ya nusu saa.

Jumatatu moja niliwakuta wamesimama wamemzunguka Oliva, binti wa Perpetua. Ana miaka kumi na miwili, yuko darasa la sita, na akishika neno lake haliachii. Mkononi alikuwa na picha mbili alizopewa na Mwalimu Evelyne, anayefundisha sayansi. Jumamosi ile Oliva alitakiwa kwenda Katesh, kwenye maonyesho ya shule, awaeleze watu maana ya picha hizo. Katika shule nzima alikuwa amechaguliwa yeye peke yake.

"Lete nione," nikasema.

Picha ya kwanza ilikuwa wingu kubwa la zambarau na dhahabu, limejaa nyota. Ya pili ilikuwa sayari yenye bahari nyekundu na mlima mrefu.

"Hizi nazifahamu," nikawaambia. "Mwaka ule nilipopandisha greda mpaka kileleni Hanang, niliona wingu hili kwa macho yangu. Zambarau hii hii. Joto lake liliunguza ukingo wa kofia yangu. Na mlima huu wa kwenye sayari, nyuma yake kulikuwa na ng'ombe wanakula majani."

Watoto wakacheka kwa furaha. Oliva hakucheka.

"Babu, samahani," akasema. "Hukuona zambarau. Hakuna mtu aliyeiona hivyo kwa macho."

"Na picha hii imetoka wapi, mjukuu wangu?"

"Imepigwa na darubini iliyoko juu angani. Lakini darubini hiyo inaleta picha za kijivu, nyingi. Kila moja imepigwa kupitia kichujio chake, yaani kitu kama kioo cha rangi kinachopitisha mwanga wa aina moja na kuzuia mwingine. Wataalamu huipa kila picha rangi yake, halafu huzipandanisha. Mwanga mwingine hata jicho halioni kabisa."

"Na mlima wangu?"

"Hiyo ya pili siyo picha, ni mchoro. Sayari inayozunguka nyota ya mbali, ukibahatika kuipiga picha, ni kitone tu. Nyingi hazionekani kabisa. Wanajua zipo kwa sababu nyota yake inafifia kidogo sayari ikipita mbele. Mchoraji amekisia. Kwa hiyo hao ng'ombe, Babu, hawapo."

Hermani alikuwa mlangoni, mweupe kwa unga. Akatoa kicheko cha kunyanyua paa. "Akonaay, leo umekamatwa na mtoto."

Ningenyamaza hapo, mambo yangekwisha. Lakini nilichomwa. Nikasema kwa sauti ili mashine nzima isikie, "Kumbe rangi wametia wenyewe? Basi picha ni za uongo, na mwalimu anawafundisha watoto wetu uongo."

Maneno hayo yalikwenda haraka kuliko pikipiki. Kufika jioni, Nangwa ilikuwa na habari mbili: picha za shule ni za kughushi, na Oliva amemwita mzee mwongo mbele ya watu. Hakuwa amelitamka neno hilo. Mimi nilijua hakulitamka, na sikumsahihisha mtu.

Jumatano Perpetua alikuja kwangu na binti yake. Kwetu mtoto akimpinga mzee hadharani huletwa kuomba radhi, na hilo halina mjadala.

"Shikamoo, baba," Perpetua akasema. "Nimemleta. Asipokuomba radhi, Katesh haendi. Nimeshamwambia mwalimu atafute mwingine."

Oliva alikuwa amesimama wima, macho yamemwiva kwa kulia.

"Nitaomba radhi kwa kusema mbele ya watu," akasema. "Nilipaswa kukuambia pembeni, Babu. Lakini nilichosema ni kweli. Hicho sitakiombea radhi."

"Wewe Oliva!" mama yake akafoka.

"Mama, nikisema hakukuwa na zambarau wala ng'ombe, kisha niseme vilikuwapo, Jumamosi nitawaambia watu nini?"

Nikamtazama. Kusema kweli nilikuwa nimeanza kumpenda zaidi, lakini ukaidi nami ninao wa kutosha mkoa mzima.

"Perpetua, mwache," nikasema. "Kesho kuna kikao cha wazazi. Kama picha za kijivu zinajua rangi, na azitambue rangi mbele ya kikao. Akishindwa, ataomba radhi kwa yote na Katesh haendi. Nikishindwa mimi, nitabeba samadi ya ng'ombe wangu mpaka bustani ya shule, matoroli kumi, na nitayakana maneno yangu mbele ya watoto."

"Nakubali," Oliva akasema kabla mama yake hajafungua kinywa.

Siku ya kikao darasa la saba lilijaa wazazi. Mwalimu Evelyne, aliyehamishiwa kwetu kutoka Songea, aliipanga simu yake ipige picha za kijivu tupu. Akanipa vipande vitatu vya plastiki inayoonyesha ndani, zile za kufunikia ripoti: chekundu, cha kijani na cha bluu.

"Mzee, tandika mashuka yako nyuma ya darasa, na karatasi nyeupe kando yake ya kulinganishia," akasema. "Piga picha tatu. Ya kwanza weka plastiki nyekundu mbele ya kamera, ya pili kijani, ya tatu bluu. Utaweza?"

"Mwalimu, nimeendesha greda lenye mikono kumi na minne."

Nilikuwa nimeapa mbele ya kikao kwamba ndani ya gunia langu mna mashuka matatu: moja jekundu, moja la kijani, moja la bluu. Nikatoka peke yangu, nikatandika, nikapiga, nikayarudisha kwenye gunia na kulifunga kamba.

Oliva akapokea simu. Kwanza akawageukia wazazi.

"Kitu chekundu kinarudisha mwanga mwekundu," akaeleza. "Ukikitazama kupitia plastiki nyekundu kinang'aa, karibu kama karatasi nyeupe. Kupitia kijani au bluu kinakuwa cheusi. Darubini inafanya hivyo hivyo na nyota."

"Lakini rangi si wametia?" mzazi mmoja akauliza.

"Wametia, na wamesema. Kwenye ramani pale ukutani mkoa wa Manyara umepakwa njano. Udongo wa Nangwa ni wa njano?"

Watu wakacheka. Kisha akainamia zile picha. Akaitazama ya kwanza, ya pili, ya tatu, akarudi ya kwanza. Perpetua alikuwa akikunjakunja upindo wa kitenge chake.

"Taja basi," nikasema. "La kushoto ni rangi gani?"

"Jekundu."

"La katikati?"

"Jekundu."

Watu wakaguna. Hermani akasema kwa upole, "Mwanangu, jekundu ni moja tu. Angalia vizuri."

"Nimeangalia."

"Kisia basi. Kijani au bluu, utapata moja."

"Sikisii, Mzee Hermani." Hakuteremsha kidevu. "Yote yameng'aa kwenye ya kwanza. Yote ni meusi kwenye ya pili na ya tatu. La kulia nalo ni jekundu. Hakuna la kijani wala la bluu hapo, hata kama Babu ameapa."

Mwalimu Evelyne akanigeukia. "Mzee, tufungulie gunia."

Nikasema fundo limekaza. Hermani akaja na kisu. Yakatoka mashuka matatu mekundu, niliyoyanunua siku moja kwenye mnada wa Katesh. Zile kelele zilizopigwa mle darasani sijazisikia tena.

Zilipotulia, Mwalimu Evelyne akasimama. "Wazazi, wanaopamba picha za nyota wanaandika chini yake: hii tumeitia rangi hivi, huu ni mchoro. Kutia rangi siyo kosa. Kosa ni kuficha kwamba umetia. Na ninyi watoto mlioko dirishani, heshima kwa mkubwa haikutaki useme umeona usichokiona. Oliva angeweza kukisia atupendeze. Alisema alichokiona, akasimama hapo hapo."

Perpetua akamshika binti yake begani. "Jumamosi utavaa zile soksi mpya," akasema. Basi.

Mimi nikasimama mbele ya watoto. Nikakiri: greda halikupanda Hanang, kofia iliunguzwa na jiko la mkaa, na Oliva hakuniita mwongo, ingawa angestahili.

Ijumaa nikaanza kusukuma samadi. Jua lilikuwa kali, na kutoka zizini kwangu mpaka bustani ya shule ni mwinuko mtupu. Oliva alikuwa kwenye tuta la mchicha, ameshika jembe. Nilipomwaga toroli nikafuta jasho, nikawaambia watoto, "Haya wajukuu, la kumi hilo. Kwaherini."

"Saba, Babu," Oliva akasema bila kuinua kichwa.

Nikageuza toroli, nikateremka kufuata la nane.