Ile "Huenda" ya Ndabibi

Wachuka alikutana na Bethwel sokoni Nakuru, katikati ya magunia ya vitunguu, akijirekodi kwa simu huku ameshika jiwe jeupe kutoka machimbo ya Kariandusi. Mpita njia akamgonga, simu ikamponyoka, na Bethwel, kijana wa shati la kitenge, akaidaka.

"Sasa, daktari wa mawe," akamtania. "Unaongea poa, lakini video yako ni ndefu kama mahubiri."

Wachuka akacheka, na kicheko ndicho kilichomponza. Yeye alikuwa mhadhiri wa jiolojia. Bethwel alihariri video. Kabla msimu wa mvua haujaisha walikuwa wakiitana sweetheart kwenye simu, na maelfu ya watu wakimfuata Wachuka mtandaoni.

Kisha ardhi ikapasuka kijijini Ndabibi. Wachuka akasimama kando ya ufa, gauni lake la buluu likipepea, akasema huenda ufa huo utafika kwenye nyumba za watu. Bethwel akaikata ile "huenda" ili video iwe na moto, akamwonyesha kabla ya kuituma. Wachuka alisikia neno halipo. Aliona pia jinsi alivyopendeza.

"Tuma tu, babe," akasema.

Watu wakang'oa mabati ili wahame, wakauza ng'ombe kwa bei ya kutupa. Ufa haukusogea. Chuo kilipomwita ajieleze, Wachuka akadai kwamba mhariri ndiye aliyetoa neno, yeye hakujua. Akarudia hayo mtandaoni, akamtaja Bethwel kwa jina. Kazi ya Wachuka ikapona. Bethwel akakosa wateja mji mzima, akahamia kwa dadake Eldoret.

Majuto ni mjukuu, na huyu alimlalia Wachuka kifuani mwaka mzima. Mwishowe akarudi Ndabibi, akaomba radhi nyumba kwa nyumba, kisha akajirekodi pale pale kwenye ufa, bila kukata chochote: "Nilisikia neno limetolewa, nikanyamaza. Halafu nikamsingizia mtu niliyempenda." Alijua chuo kingeiona.

Jioni, Wachuka akiwa bado Ndabibi, Bethwel akapiga simu.

"Nimeiona," akasema. "Hiyo ilikuwa ngumu, Wachuka. Asante."

"Mimi ndiye nilikukosea. Utarudi?"



"Zi, sweetheart. Sirudi. Na hapo sitaki kukuwekea huenda."

Wachuka akalia waziwazi, na mama mmoja aliyekuwa ameuza ng'ombe wake akamshikia mkoba.