Aliyeitikiwa na Mkewe

Mambo yalianza Alhamisi, tarehe 14 Machi 1974, saa kumi na mbili na robo jioni, Shamsia akikaanga vitunguu. Chuma kiligongwa. Alishangaa, maana chuma kile, kipande cha reli kilichoning'inizwa kwenye mfenesi nje ya nyumba yake, kiligongwa Jumamosi asubuhi tu, kuwaita watu kwenye kazi ya kujitolea.

Kazi yenyewe aliisimamia yeye. Alitoka Chuo Kikuu mwaka uliotangulia, akapangiwa Morogoro kuwa Bibi Maendeleo, akakabidhiwa tuta la reli nyembamba ambayo zamani ilipitisha matoroli ya katani. Shamba la mkonge lilikuwa limefungwa na reli zimeng'olewa. Watu wa kitongoji waliamua tuta liwe njia ya miguu, watoto waende shule na wagonjwa wafike hospitali bila kukanyaga matope ya masika. Kila Jumamosi walimwaga changarawe na kupanda miti kandokando. Balozi wa nyumba kumi, Mzee Kondo, aliita majina kwa kichwa, kila mtu akajibu "Nipo." Aliyechelewa aliitikiwa na mwenziwe wa ndani, ndivyo walivyozoea. Rehani, mume wa Shamsia, mwalimu wa hesabu, alikuwa bingwa wa kuchelewa, na wanawake walimtania mkewe kwamba mwalimu ana kazi mbili, kulala na kuitikiwa.

Basi jioni ile, baada ya chuma, sauti kavu ya kiume ikaanza kuita majina kule njiani. Shamsia aliyasikia nusunusu, mafuta yakichachatika. Ilipofika "Rehani Mohamedi," mdomo wake ulijibu wenyewe, hata bila kugeuka.

"Yupo. Anakuja."

Vyura walinyamaza. Kisha dirishani ikaingia harufu ya katani iliyoozea majini, nzito, na vitunguu vikaungua mbele ya macho yake. Alipotoka hakuona mtu. Chuma tu kilikuwa kinabembea. Mzee Kondo alipopita baadaye, Shamsia alimwamkia, akamwuliza alikuwa akiwaitia watu nini. Mzee alimtazama kwa mashaka. Ndiyo kwanza alikuwa ameshuka kwenye basi kutoka Gairo.

Kesho yake, jua likizama, chuma kikalia. Rehani akaweka chini kikombe cha chai, akatoka bila viatu. Shamsia alimkuta juu ya tuta, ameinama, mikono yote miwili mbele kama mtu anayesukuma kitu kizito. Alimwita, hakugeuka. Alirudi giza limeingia, viganja vimechubuka na kujaa kutu. Kutu ya wapi, wakati reli zilishang'olewa?

Shamsia akajiambia ni malaria. Zahanati ikatoa klorokwini. Lakini kila jioni Rehani alikwenda mbali zaidi, mashavu yakibonyea, mabega yakichubuka, na mkewe alipomshika kiuno kumzuia alihisi anavutwa na kitu kilicho mbele yao, kitu chenye pumzi ya moto na uvundo wa katani, ambacho hakikuwa na haraka hata kidogo, kwa sababu kilijua kwamba siku moja mwanamume huyu atasukuma mpaka mwisho wa tuta na hatarudi.

Ijumaa ya wiki ya pili jirani yake, Amina, alimnong'oneza aende kwa Bi Mwanaheri, mganga wa huko mlimani. Ukoo wa mama wa mganga huyo ndio uliokuwa na ardhi ile kabla ya mkonge. Shamsia alimfuata, na bibi akaja alasiri, akanusa kizingiti, akakaa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nani alimwitikia?"

"Mimi."

"Basi umemtoa mwenyewe, mjukuu wangu."

Akamweleza polepole. Jini lile lilikaa kwenye tuta tangu enzi za manamba, vibarua waliosukuma matoroli, likila nguvu zao. Asubuhi walipoitwa nalo lilisikiliza, na aliyeitikiwa lilimshika mpaka mwenzake aseme kwamba amekufa. Sasa wametundika chuma, wanaita majina juu ya tuta lilelile. Limedhani nalo limeitwa, na sasa linaita lenyewe. Ubani haliogopi. Linalokubali ni neno la yule aliyeitikia.

"Likiita leo, sema amefariki. Usiseme hayupo, litamtafuta. Usiseme anaumwa, litamngoja."

"Nimtamkie kifo mume wangu?"

"Mtamkie. Na yeye asikanushe. Akisema mwenyewe kwamba yupo, hata mimi usije kuniita."

Jioni walimlaza Rehani, bibi akamziba masikio kwa kanga. Safari hii sauti haikutoka njiani. Ilitoka chini ya dirisha, ikaita jina lake, ikangoja, ikaita tena kwa upole kama mtu wa nyumbani, na ukuta wa udongo ukaanza kutoa jasho la maji ya katani, kitanda kikitetemeka kana kwamba toroli linapita uvunguni, hadi Shamsia alipopata ulimi wake na kusema, huku akilia, "Amefariki."

Harufu ikakatika. Rehani alilala usingizi wake wa kawaida, akikoroma.

Asubuhi ilikuwa Jumamosi. Shamsia alimwacha kitandani, akatangulia kwa Mzee Kondo kumwomba aliruke jina la mumewe na asiulize kwa nini. Mzee alikubali. Lakini chuma kilipogongwa na watu kupanga mstari, Rehani akatokea na jembe begani, uso umenawiri, mara hii amewahi, na wanawake wakampigia vigelegele vya dhihaka. Akasimama karibu na mkewe, anatabasamu.

Mzee Kondo aliita. Alipofika kwenye jina la Rehani aliliruka kama alivyoombwa, akavuta pumzi.

"Rehani Mohamedi."

Midomo ya Mzee Kondo ilikuwa imefumbana. Watu waligeuka, wakitazama njia tupu nyuma yao.

Shamsia alidondosha kila alichoshika, akamziba mumewe mdomo kwa viganja vyote viwili, akasema kwa sauti ya kusikiwa na wote, "Amefariki."

Hakuna aliyecheka. Alizidi kukandamiza kwa nguvu zake zote, maana chini ya viganja vyake, polepole, midomo ya Rehani ilikuwa inajaribu kujibu.