Nyama ya Kufika Mtwara

Kila jioni Milembe wa Nkololo alipopakua ugali, mkono wake ulitaka kumtengea na Eufrasia. Lakini binti yake huyo alikuwa Mtwara, akiuguza wagonjwa, na likizo ilikuwa bado. Kwenye simu Eufrasia aliulizia nyama ya kukaushwa ya nyumbani zaidi kuliko alivyowaulizia ndugu zake.

Milembe akanunua paja la ng'ombe. Akalikata mapande makubwa kama matofali, akayapaka chumvi juujuu, akayaanika juani. Yalipokauka kwa nje aliyafunga kwenye mfuko wa plastiki, akayapeleka kwenye basi Bariadi. Eufrasia alipofungua, harufu ilimrudisha nyuma. Akayafukia yote.

"Mayu, usitume tena," alimwambia mama yake kwenye simu.

Maneno hayo yalimkaa Milembe kifuani. Akaenda kwa jirani yake Monika, afisa mifugo wa kata, ambaye alimuuliza kwa nini alikata mapande manene vile.

"Nimtumie mwanangu vipande vyembamba, aseme mama yake mchoyo?"

"Basi hiyo imeoza kwa ukarimu wako," Monika akamjibu. "Jua lilikausha juu, maji yakabaki ndani. Plastiki ikamalizia."

Wakaanza upya pamoja. Walichukua mnofu wa nyama iliyokaguliwa, wakaondoa mafuta kwa sababu huchacha. Wakakata vipande virefu, vyembamba, kwa kufuata nyuzi za nyama. Wakavipaka chumvi ya kutosha kila upande, wakaacha vitoe maji, wakayamwaga. Kisha wakavitundika kibandani, penye kivuli na upepo, bila kugusana. Chandarua kilizuia nzi, na moshi kidogo ulipita chini.

Milembe alitaka kufunga mzigo mapema. Monika akakunja kipande, kikapinda.

"Bado kina maji. Subiri kivunjike."

Kusubiri kulimchosha Milembe kuliko kazi yenyewe.

Nyama ilipokauka hadi ndani waliifunga kwa kitambaa safi, wakaituma kwa basi. Milembe akampigia binti yake kumwelekeza: aloweke kwanza, achemshe vizuri, na akikuta utelezi au harufu mbaya atupe, maana sumu nyingine haiondoki kwa kuchemsha.

Siku mzigo ulipofika, Eufrasia alipiga simu. Nyama ilikuwa nzima, na hata majirani walikuwa wameionja. Alipopiga tena baadaye, alisalimia tu, hakuitaja nyama.

"Nyama imeisha?" Milembe akauliza.

"Mayu, kimebaki kipande kimoja. Nakiangalia tu. Nikikimaliza, nyumbani kutakuwa mbali tena."

Milembe akageuka kutazama kibandani, ambako mnofu mwingine ulikuwa umetundikwa tangu asubuhi.

"Kipike ule, mwanangu. Nyingine inakauka."