Upande wa Griffins

Jumanne ile saa nane mchana nilimpelekea jirani yangu Opondo uji, kama kawaida. Alikuwa pale Dunga, ufuoni mwa ziwa, na boti yake ndogo ya tanga, ameivuta nchi kavu, anakaza nyaya zinazoshikilia mlingoti. Mimi Adero ni mjane, nauza dagaa wa omena, sina muda wa hadithi za mizimu. Lakini hii niliiona kwa macho yangu.

Nyaya hizo hukazwa na watu wawili, la sivyo mlingoti unainama. Siku zote Opondo alikuwa wa kushoto, mdogo wake Griffins wa kulia. Ukikaza mzunguko mmoja, unagonga ubavu wa boti mara moja. Mwenzako anakaza upande wake, anakujibu. Ukigonga mara mbili, imetosha, acheni.

Griffins alizama Machi, spana yake mfukoni. Mwili haukuonekana. Mama yao, Akinyi, alitaka tuzike tunda la mti wa yago badala ya mwili wake, kama desturi yetu, ili apumzike. Opondo akakataa katakata.

"Ndugu yangu si tunda," alisema. Tangu hapo alikula peke yake, akalala kwa boti.

Nikaweka uji chini. Akakaza upande wake, akagonga. Ko.

Kulia kukajibu. Ko.

Nilizunguka boti. Haki ya Mungu, hakukuwa na mtu! Skrubu ya waya ilikuwa inajizungusha polepole, inadondosha maji.

"Opondo," nilinong'ona, "mwache aende."

Alikuwa anatabasamu. Miezi mitatu sikuwa nimeona meno yake.

"Na mimi nibaki na nani, nyar Kombewa?" aliniuliza, akiniita binti wa kwetu Kombewa.

Ko, ko. Griffins alitaka kuacha. Opondo akakaza tena. Ko, ko. Akakaza. Waya ukaanza kulia. Ko, ko! Nilikimbia, siwadanganyi, uji nikauacha.

Asubuhi Opondo hakuwepo. Nyaya zilikuwa zimekazwa sawasawa, kushoto na kulia. Mchangani kulikuwa na spana mbili, moja yake, nyingine imejaa matope ya ziwa.

Tulitafuta wiki tatu. Mama Akinyi akazika matunda mawili.

Boti bado iko pale, hakuna anayeitaka. Juzi nilipita, na mkono huu mjinga ukagonga mara moja.

Nilijibiwa kulia. Halafu kushoto.

Nilipaswa kugonga mara mbili, niwaambie imetosha. Lakini nyumbani kwangu hakuna anayenijibu. Mpaka leo sijazigonga hizo mbili.