Mgeni wa Mlango wa Pembeni

Kila asubuhi Tamsin Oldroyd alishuka treni katika stesheni ya Leeds, akavuka mto kwa miguu, akaingia benki kabla ya saa tatu. Alikuwa na miaka kumi na minane. Wenzake wengi aliomaliza nao shule walikuwa vyuo vikuu, wakisoma kwa mkopo. Yeye alikuwa mwanagenzi: siku nne anajifunza kazi katika idara ya hesabu, siku ya tano anasomea shahada ya fedha, na ada yote analipiwa na benki. Mshahara nao anapata.

Baba yake, Clive, fundi wa mabomba, hakuiamini habari hiyo hata kidogo.

"Wakulipe, halafu wakusomeshe bure?" aliuliza mezani, akimwagia chipsi zake siki. "Benki? Hawa hawa wanaonikata hela nikichelewa siku moja? Hapo kuna namna, mwanangu. Soma vizuri ulichotia saini."

"Baba, nimeshasoma mara mia!"

"Soma tena."

Mwanagenzi mwenzake alikuwa Kieran Sugden, kijana wa Barnsley, mwenye kucheka kwa sauti na kumwaga chenga za biskuti kila anapokaa. Bosi wao alikuwa Lorraine Pickersgill. Siku ya kwanza kabisa aliwaambia, "Milango ya hapa ni ya kadi, na kila mtu na kadi yake. Hata mimi nikiisahau yangu, nifungieni nje ninyeshewe."

Wakacheka. Lakini sheria ni jambo moja na mazoea ni jambo jingine. Pale Leeds, kumwachia mtu mlango umpige usoni ni utovu wa adabu, na mtoto hufundishwa kumshikia mlango anayekuja nyuma yake tangu anapoanza kutembea. Basi Jumanne hiyo, wakati wa chakula cha mchana, Tamsin alipofungua mlango wa pembeni kwa kadi yake, akitoka dukani kwenda kula na wenzake, alimwona nyuma yake bwana mmoja aliyevaa suti, amebeba boksi kubwa la keki kwa mikono miwili. Bila hata kufikiri, akamshikia mlango.

"Asante, kipenzi," yule bwana akasema, akitabasamu. "Leo ni siku yangu ya kuzaliwa, na wenzangu huko juu hawana subira na keki."

Saa nane kompyuta mpakato ya Lorraine haikuwepo mezani. Na ndani yake mlikuwa na siri za wateja!

Walinzi wakakagua. Kamera ya mlango wa pembeni ilikuwa mbovu tangu wiki iliyopita. Kumbukumbu za kadi hazikuonyesha mgeni yeyote. Wakaamua kwamba mwizi ni mtu wa humu humu. Na nani alibaki ofisini wenzake walipokwenda kula? Kieran. Alisema alitoka kidogo kwenda kwenye ngazi kumpigia mama yake simu. Nani angeamini hayo? Lorraine akamwambia ana hadi Ijumaa jioni kujieleza vizuri, la sivyo mkataba wake utavunjwa, na masomo yake yataishia hapo.

Ofisi ikabadilika. Watu wakaanza kwenda msalani na mikoba yao. Kwa kawaida, anayeinuka kupika chai humpikia kila mtu, lakini siku hizo vikombe vilirudi mezani vyote isipokuwa cha Kieran. Kieran aliinama kwenye kompyuta yake, masikio yamemwiva kwa aibu.

Na Tamsin? Alimkumbuka yule bwana wa keki. Akajiambia haiwezekani, mtu mstaarabu vile! Akaanza kumchunguza Kieran. Ana viatu vipya, kavipata wapi? Mbona ananong'ona kwenye simu? Mbona siku hizi hacheki? Kufikia Alhamisi alikuwa ameshamhukumu, na kwa kweli alijisikia nafuu kidogo.

Jioni hiyo alimsimulia baba yake. "Ni Kieran tu, baba. Nina hakika."

Clive alimtazama kwa jicho lile lile aliloikazia benki. "Hakuna kitu kingine kilichotokea siku hiyo?"

"Hakuna!"

"Mbona unajibu hata sijamaliza kuuliza?"

Tamsin akaangua kilio, akasema yote: mlango, suti, boksi. Baba yake akasukuma sahani kando.

"Na wakinifukuza?" Tamsin akauliza.

"Watakufukuza. Utakuja kunishikia spana, na mimi silipi vizuri. Lakini huyo kijana unataka afukuzwe badala yako? Hapana, mwanangu. Kesho asubuhi unasema."

Asubuhi Tamsin alisimama mbele ya Lorraine, akaeleza. Lorraine hakufoka. Alichukua simu, akawapigia polisi. Kamera za barabarani zilimwonyesha yule bwana akitoka na boksi lake, akishika njia ya sokoni. Kabla ya jioni polisi walimkuta akitafuta mnunuzi wa kompyuta ile. Siri za wateja hazikuwa zimefunguliwa.

Lorraine aliwaita wanagenzi wote wawili ofisini kwake.

"Nisamehe, Kieran," Tamsin akasema. "Ni mimi niliyemwingiza."

"Najua," Kieran akasema. "Nilikuwa dirishani, pale kwenye ngazi. Nilikuona unamshikia mlango."

Tamsin aliduwaa. "Uliniona? Sasa mbona hukusema?"

"Nimwambie nani? Mlishanifanya mwizi. Wangesema namsingizia mwenzangu nijiokoe. Na nikwambie ukweli, nilidhani huyo ni mtu wako, mmepanga naye."

Lorraine akavua miwani.

"Tamsin, kumshikia mtu mlango ni kosa, utapewa onyo la maandishi, na masomo utaendelea. Wengi hapa wangefanya vile vile. Lakini ulipojua kuna kosa lako ukanyamaza, ukaanza kutafuta uovu kwa mwenzako ili wako usionekane. Hilo ndilo lililonisikitisha. Ukikosea, sema mapema, kosa likiwa bado dogo." Kisha akamgeukia Kieran. "Na mimi, mtu mzima, nilikupa hadi Ijumaa ujieleze, na sikuketi nawe hata mara moja kukuuliza ulichokiona. Ningekuuliza kwa wema, ungeniambia?"

"Ningekwambia Jumanne ile ile," Kieran akasema.