Msumari wa Arthi

Msumari ulikuwa baridi. Hilo peke yake lingemshtua mwenye akili zake, maana ilikuwa mchana wa Juni mjini Multan, na kwenye karakana hata koleo zilishikwa kwa kitambaa. Wasaya aliuona alipofunua zulia la buti: msumari mnene, mweusi, umepigiliwa kwenye sakafu ya gari na kuzungushiwa uzi wa kijani. Aliugusa, akaurudisha mkono haraka, kisha akacheka kama mtu aliyejikwaa mbele za watu.

Multan nzima inaijua misumari hiyo. Nyumba ikisumbuliwa na majini, mtaalamu huisomea minne na kuipigilia kwenye pembe, na tangu hapo hakuna anayethubutu kuigusa. Lakini hiyo ni nyumba. Nani amewahi kusikia gari limepigiliwa?

"Kaka, huo uache," alisema Nazakat, mdogo wake, aliyekuwa kiti cha mbele akifunga redio. "Tafuta sehemu nyingine ya kufungia waya wa arthi."

"Kwingine kote kutu tupu. Wewe funga redio, mambo ya wakubwa niachie."

Wasaya alikuwa fundi hodari wa muziki wa magari, na ubaya ni kwamba alilijua hilo. Asubuhi alikuwa amempa somo mwenye gari, Malik Zawar, kijana wa wenye mashamba ya pamba, aliyeleta spika mbili za besi zenye upana wa sinia za biriani, na kutaka gari liongoze msafara wa harusi yake jioni ileile.

"Bwana Malik, hizi spika zinakula umeme," alimwambia. "Hii amplifaya yako ni ya kuchezea watoto. Ukiilazimisha itakoroma mpaka iunguze koili. Nakuwekea kubwa inayolingana nazo. Na kubwa nayo, alteneta yako haiwezi kuilisha, kwa hiyo betri ya pili nyuma, waya mnene, na waya wa arthi, wa kurudishia umeme, uliokazwa kwenye chuma kitupu."

"Fundi, mimi nataka bibi harusi anisikie akiwa bado chumbani kwao. Mengine utajua mwenyewe."

Sasa kila kitu kilikuwa tayari, imebaki arthi tu. Tundu la msumari lilikuwa saizi kamili ya bolti. Haraka haraka haina baraka, lakini umwambie nani? Wasaya alikata uzi kwa meno, akabana koleo, akavuta. Msumari ulitoka ukilia, na tundu likapumua harufu ya udongo wa kaburi lililochimbwa sasa hivi. Akaingiza bolti, akakaza.

"Washa!"

Nazakat akawasha. Pigo la kwanza la besi lilikuwa zuri, zito, safi. Pigo la pili likafunga milango yote minne. La tatu likamrusha Nazakat juu, kichwa kikagonga paa, na damu ikamtoka puani.

"Kaka! Zima! Haizimi!"

Wasaya aling'oa fyuzi, ngoma haikunyamaza, akafungua betri ya mbele kisha ya nyuma, akazitupa nyaya chini zisiguse kitu, na bado spika zilidunda, kila pigo likimchapa mdogo wake kioo hadi kioo kama nguo inayofuliwa juu ya jiwe, harufu ya nywele zilizoungua ikijaa karakana, hadi akachukua spana ya magurudumu akavunja dirisha na kuingiza mkono, na kitu asichokiona kikaushika mkono ule na kuvikunja vidole viwili nyuma mpaka vikavunjika.

Sauti ikatoka kwenye spika, nzito, ya taratibu. "Umenipa kinywa. Sasa nipe chakula."

Kelele zilimleta Mai Sabhai, mjane anayesomea watu maji kwenye mlango wa kaburi la walii, ng'ambo ya barabara. Alikuja ameshika ndala mkononi.

"Nani ameung'oa?" aliuliza kwa kunong'ona, akiutazama msumari uliolala chini.

"Mimi, Mai. Anamuua mdogo wangu!"

"Basi mkono ulioung'oa ndio uurudishe. Palepale. Usikome hata ukivunjwa."

Mai akaanza kusoma. Wasaya akafungua bolti, akasimamisha msumari, akapiga nyundo. Kila alipopiga, spika zilipiga ukelele wa ng'ombe anayechinjwa, na mfuniko wa buti ulimshukia mgongoni, ukainuka, ukashuka tena, naye akapiga huku analia na kutema damu, hadi msumari ukazama na kimya kikaanguka.

Milango ikafunguka. Nazakat akadondoka sakafuni, mzima, akaomba maji. Wakamlaza kwenye kitanda cha kamba.

"Ndiyo maana nilikwambia uuache," alisema. "Kichwa kigumu."

Wasaya alicheka kwa furaha hadi akasikia aibu. Ila Mai Sabhai, aliyekuwa ameweka sikio kifuani kwa Nazakat, hakucheka.

"Sikiliza wewe, mwanangu."

Wasaya akasikiliza. Kifua kilikuwa kimya. Nazakat alikuwa akimwangalia, anapumua, anapepesa macho, na ndani hamkuwa na kitu kinachodunda. Kisha akasikia kutoka kwenye buti: du-du. Du-du. Dhaifu, na mdundo unazidi kufifia, na midomo ya mdogo wake inageuka buluu.

Fundi akaelewa kabla ya mjane. Alikimbia akarudisha fyuzi na nyaya za betri zote mbili, na waya wa arthi akauzungushia msumari. Mdundo ukapata nguvu, na damu ikarudi usoni mwa Nazakat.

"Jini alikuwa ameushika moyo wake ulipompigilia," Mai alinong'ona. "Umewafungia pamoja. Ukiung'oa tena, hatakubali kufungwa mara ya pili."

"Na umeme ukiisha?"

Mai Sabhai akaanza kusoma tena.

Malik Zawar aliingia wakati huohuo, kilemba cha dhahabu kichwani na shada la maua shingoni, wapiga ngoma wake wakimsubiri getini.

"Fundi, mbona damu? Mmepigana? Haya, gari langu."

"Bwana Malik, nakuomba. Liache. Chukua gari lolote lingine, nitakutumikia maisha yangu yote."

"Niende kwa mke wangu juu ya punda?" Zawar alicheka, akaingia, akakaa. "Na huu muziki gani, wa matanga? Ngoja niuzime niweke wangu."

Akanyoosha kidole kwenye swichi. Mdundo ukaenda mbio. Nazakat akajishika kifua kwenye kitanda cha kamba. "Kaka..."

Nyundo ilikuwa bado mkononi mwa Wasaya. Alimpiga bwana harusi juu ya sikio, na alipojaribu kuinuka alimpiga tena, mpaka kilemba kikalowa na kidole kikaiacha swichi. Mdundo ukatulia. Nazakat akavuta pumzi ndefu.

Kule getini wapiga ngoma waliusikia, du-du, du-du, wakadhani bwana harusi yuko tayari, nao wakaupokea.