Redio Bubu ya Kaka

Jua lilikuwa linazama fundi alipofika kwa shemeji yake, sanduku la vifaa mkononi. Kazi yenyewe ilionekana ndogo. Tangu afunge redio mpya kwenye gari la marehemu kaka yake, betri ilikuwa inakufa kila usiku, na honi ililia yenyewe kila giza lilipoanza kuingia.

"Leo usiondoke mpaka uione shida, shemeji," mjane alisema. "Jana ililia, mtoto akatoka mbio. Nilimkuta ameketi kwenye kiti cha mbele, milango imejifunga. Nilivunja kioo kumtoa."

"Inalia vipi?"

"Mbili fupi. Moja ndefu."

Hivyo ndivyo kaka alivyopiga honi akirudi kutoka kazini, ili binti yake atoke kumlaki.

Kaka aliendesha gari lile miaka mingi na redio bubu. Watu walimtania: mdogo wako fundi umeme wa magari, wewe unajiimbia mwenyewe njiani? Kila mara fundi alipojitolea kuitengeneza, kaka alicheka na kubadili mazungumzo. Fundi alidhani ni ukaidi tu. Baada ya msiba, akaona muziki kidogo utamfariji shemeji.

Alichomoa waya wa betri, akaunganisha taa yake ya kupimia kati ya waya huo na betri. Gari limezimwa, taa haikupaswa kuwaka.

Iliwaka.

Kuna kitu kilikuwa kinanyonya umeme. Alichomoa fyuzi ya redio. Taa ikabaki. Akachomoa ya honi. Ikabaki. Akazichomoa zote, akazipanga juu ya kitambaa. Akatenganisha hata altaneta, ile mashine ya kuchaji betri.

Taa ikazidi kung'aa...

Akaivuta redio mpya kutoka kwenye dashibodi. Tundu likatoa harufu ya nywele zilizoungua. Alimulika ndani. Kwenye nyaya kulikuwa na kipande cha uzi mwekundu, kimekatwa.

Ndipo alipokumbuka. Siku ile ya kufunga redio mpya, nyuma ya ile ya zamani, alikuta kifurushi cha kitambaa cheusi kimefungwa kwenye nyaya kwa uzi mwekundu. Akacheka peke yake: fundi gani huyu, kakosa tepu kaziba kwa tambara? Alikikata kwa koleo, akafunga tepu safi, kama alivyofundishwa.

"Shemeji, takataka za siku ile ziko wapi?"

"Nilizichoma."

Fundi alikitazama tena kile kipande cha uzi.

"Kaka aliwahi kusema chochote kuhusu redio?"

"Alisema isiguswe. Eti gari alilinunua likiwa hivyo, na ni heri iwe bubu." Akashusha sauti. "Mimi nilidhani anaona haya kukusumbua."

Fundi alifungua betri, akaibeba mpaka barazani, akaiweka miguuni pake. Gari lisilo na betri ni bati tu. Alijiambia hivyo, kisha akajiambia tena. Mtoto alitoka ndani, akaja kumwegemea.

Giza likaingia.

Pi. Pi.

Piiiiiii...

Betri ilikuwa pale pale, miguuni. Taa ya ndani ya gari ikawaka, njano, hafifu. Mlango wa mbele ukafunguka taratibu.

Alimkumbatia mtoto kwa mikono yote miwili, tayari kuvutana naye. Lakini mtoto hakujivuta. Alikuwa anatetemeka.

"Baba mdogo," alinong'ona, "yule si baba."

"Umejuaje?"

"Baba analijua jina langu. Yule jana aliniuliza."

"Ukamwambia?"

Mtoto akaficha uso kifuani mwake.

Honi ikanyamaza. Kutoka kwenye spika za milangoni, zisizo na redio wala betri, kitu kilivuta pumzi. Kisha kikaanza kulitamka jina la mtoto, polepole, kama mtu anayejifunza kusoma.

Mara ya kwanza kilikosea.

Mara ya pili kilipatia.

Mara ya tatu kililitamka kwa sauti ya kaka... na mtoto akainua uso.